Kabari Nne za Saveta

Jumanne, tarehe 24 Oktoba 2006. Jalidi nyeupe hadi saa nne asubuhi, kisha jua kavu lisilo na joto.

Saveta, mjane wa miaka hamsini na minane, alikuwa amebakiwa na gogo moja la mwaloni, nene kuliko kiuno chake, lenye fundo katikati. Bila gogo hilo kuni zake zisingefika Machi. Alipigilia kabari ya chuma, ya pekee aliyokuwa nayo, ikazama yote na mti ukaibana. Hapo ndipo kabari za mti hufuata: huingizwa ufani, ufa ukapanuka, chuma kikatoka.

Akachukua moja ya zile nne ambazo shemeji yake Gavril aliziazima na kuzirudisha Jumapili. Pigo la pili tu, kichwa kikachambuka kama brashi. Akagonga mbili nyingine pamoja karibu na sikio. Kabari kavu ya karpeni, mti mgumu kuliko mwaloni, hulia kama mfupa. Hizi zilitoa sauti ya kiazi. Akazikwaruza kwa ukucha. Ndani mbichi, nje zimepakwa majivu zionekane kuukuu.

Zake alizichonga mwenyewe, akazikausha juu ya jiko majira matatu ya baridi, akitupa kila yenye nyuzi zilizopinda.

Alimkuta Gavril kwenye benchi nje ya lango lake.

"Kabari zangu ziko wapi, shemeji?"

"Si hizo umeshika?"

"Hizi katupie kuku. Nauliza zangu."

Gavril akajikuna shingo. "Jumamosi nilikuwa napika pombe ya plamu. Imeshaanza kudondoka bombani, moto ukataka kuzima. Unajua mwenyewe, moto ukilegea hapo kazi yote imeharibika."

"Ukachoma zangu."

"Ziliwaka vizuri sana, lazima nikusifu. Nitakuletea chupa."

"Chupa ndiyo nitaipigilia kwenye mwaloni?"

"Shemeji, kabari ni kipande cha mti tu. Msitu umejaa."

"Umejaa mibichi. Miaka yangu mitatu utaiokota msitu gani? Halafu ukakaa chini, mtu mzima, ukapaka majivu. Ungesema kweli ningekutukana siku moja. Sasa nitakutukana mpaka Pasaka."

"Kaa basi, utukane ukiwa umepumzika." Akapigapiga ubao kwa kiganja. "Benchi hili halijayumba tangu marehemu baba alitengeneze. Miguu ya karpeni tupu."

Saveta hakukaa. Aliitazama ile miguu minne, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi, Gavril akiwa bado amelala, alikwenda na msumeno akaikata yote. Ubao aliuegemeza langoni, vizuri, usije ukamwangukia mpita njia. Uani kwake akagonga mguu kwa mguu karibu na sikio. Yote minne ililia kama mfupa. Akachagua miwili yenye nyuzi zilizonyooka, akaichonga kuwa kabari nyembamba, akazipaka majivu zisiteleze kwenye jalidi.

Saa tano chuma kilitoka.