Mkono wa Mama Mkwe

Hoteli yetu ni ya kampuni ya ng'ambo, na ilipofunguliwa hapa Machakos ilikuja na sheria zake. Mimi nilikuwa mpokeaji wageni mlangoni, kwa majaribio. Sheria iliyoninyima usingizi ilisema kila mgeni ashikwe mkono, atazamwe machoni na aitwe kwa jina lake la kwanza. Sijui aliyeitunga alilelewa na nani. Huku Ukambani mwanamke mzima ni mama wa fulani, na kijana akimwita kwa jina anatazamwa hadi asijue pa kuficha uso. Nilimeza mate nikawaita hivyo hivyo.

Asubuhi moja meneja, ambaye pia alitoka ng'ambo, alisimama kando yangu aamue kama nitaajiriwa au nitarudi nyumbani. Basi la kina mama wa kanisa kutoka Kalama likaingia kwa semina, kila mmoja na jina lake kifuani. Katikati yao akashuka mama mkwe wangu.

Kwetu mwanamume hamsogelei mama mkwe. Mkikutana njiani unampisha mbali, na jina lake halipiti mdomoni mwako. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumgusa. Nikainama kujifanya nafunga kamba za viatu. Meneja akakohoa. Nilimchukia saa ile, maskini, ingawa hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya nthoni.

Mama mkwe alimtazama meneja, akanitazama nilivyoinama, akaelewa. Akavuta leso ikafunika lile jina, kisha akanyoosha mkono yeye mwenyewe.

"Asante kwa kutukaribisha, kijana," akasema, kana kwamba hanijui.

Nikaushika. Ulikuwa mgumu kwa jembe. Meneja akaona mkono umeshikwa, akaridhika, akaenda zake.

Jioni mke wangu akapiga simu.

"Mama anauliza kama kazi iko salama."

"Mwambie iko."

"Ako na aibu sana. Anasema huko hawezi rudi tena."

Sikuweza kukaa. Nilizunguka uani na simu sikioni, nimejaa hasira nisijue nimtolee nani. Kutwa nzima nashika mikono ya watu nisiowajua, na mwanamke aliyeniokolea kazi siwezi hata kumpigia simu. Nikamwomba binti yake amwambie asante.