Alichofuata Mama Kanisani Mwaka wa Njaa

Kila msimu wa mavuno, harufu ya maganda ya kahawa yanayooza ilipanda kutoka kiwandani hadi kwetu, juu ya soko la Gakindu. Nilipokuwa darasa la nne mvua ilikatika, kiwanda kikanyamaza, na upepo ukawa unaleta vumbi tu. Tulikula mara moja kwa siku, viazi vitamu vya kuchemsha. Hapo ndipo mama, aliyezoea kwenda kanisani Jumapili tu, alipoanza kwenda kila adhuhuri, na sehemu yake ya chakula akituachia sisi watoto. Baba hakuamini kwamba anaenda kusali. Mhubiri alikuwa kijana mgeni kutoka Kerugoya, mwenye viatu vya kung'aa katikati ya njaa, na kwa baba hilo lilitosha. "Mtu mwenye njaa hutafuta chakula," alisema. "Huyu anatafuta nini?" Hata mimi nilianza kunusa leso ya mama akirudi, nikitafuta harufu ya nyama.

Siku moja baba alinishika mkono tukamfuata. Nilijua akimkuta na mhubiri, nyumba yetu imevunjika. Mlango wa kanisa la mabati ulikuwa wazi. Mama alikuwa peke yake kwenye benchi la nyuma.

"Huyo mhubiri anakupea nini, Mama Wangari?"

"Alirudi kwao wiki jana. Hata yeye njaa ilimshinda."

"Sasa unaomba nini hapa?"

"Siombi. Kuomba chakula niliacha. Nakaa tu, Baba Wangari. Hapa sijioni kama mimi ni tumbo peke yake."

Baba alichungulia hata nyuma ya madhabahu. Hakupata kitu. Akaketi upande wa pili, kofia magotini.

Leo nafundisha saikolojia chuoni, Nyeri mjini. Nachora ubaoni nadharia inayopanga mahitaji ya binadamu kama ngazi: chakula chini, mambo ya roho juu kabisa, kwa walioshiba. Wanafunzi huinakili bila swali. Mimi siiamini. Lakini pia siwaamini wanaohubiri kwa vipaza sauti pale stendi, ati roho ikishiba tumbo litanyamaza. Mama yuko hai, anakula vizuri, na amerudia kwenda kanisani Jumapili tu. Majuzi nilimuuliza kwa nini aliacha kwenda kila adhuhuri.

"Siku hizi niko na chakula," alinijibu, akitazama pembeni. "Nikikaa pale, sisikii kitu kama wakati ule."