Msusi na binti aliyefananishwa na binamu yake

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Draya zote mbili za saluni zimezimwa, redio imefungwa, na kwenye kiti cha katikati hakuna mteja. Amekaa binti wa miaka minane. Nyuma yake msusi amesimama na chanuo mkononi, anamweleza kitakachotokea.

"Naanza kushoto. Mistari minane. Nikimaliza wa nne tunapumzika, unaangalia mabomba yako. Halafu minne iliyobaki."

Binti anahesabu kwa vidole, anaitikia kwa kichwa, anainamisha shingo. Nusu saa baadaye mistari minne imelala kichwani na hakuna aliyelia.

Asiyewajua ataona hapo hakuna habari. Lakini kwa miaka mitano mama huyu, ambaye wateja wanamwita Fundi na anayesuka vichwa sita hadi saba kwa siku, alimsuka mwanawe kwa kumbana kichwa katikati ya magoti, mtoto akipiga kelele mpaka watu wa duka la jirani wanachungulia.

"Nilidhani nywele zinamuuma kuliko wengine, basi. Watoto wa hivyo wapo," anasema. "Nikawa nambana zaidi ili nimalize haraka. Nikikumbuka naumia."

Nyumbani binti huyo anaitwa Chiriku, na jina hilo hawakuliokota. Muulize habari za mabomba ya maji, atakueleza la jengo hili linaanzia wapi, linapita ukuta gani na koki ipi inavuja. Usipomuuliza atakueleza pia. Ndiyo maana hakuna aliyefikiria usonji, yaani autism. Wengi wetu tumeshikilia kwamba mtoto mwenye usonji ni yule asiyesema, anayejikalia kona peke yake. Chiriku hakai kona. Darasani anainuka, anatoka mbio.

Tena familia ilikuwa na jibu lake tayari. Wifi yake Fundi, mwenye kiti cha pili hapo saluni, ana binti wa miaka tisa aliyegunduliwa kuwa na ADHD, ile hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kushika jambo moja mpaka mwisho. Binamu wawili, darasa moja, wote hawatulii.

"Hii damu ya kwetu," wifi alikuwa akisema. "Kaka yangu mwenyewe alikuwa hivyohivyo, na si umekubali kuolewa naye?"

Mwalimu wa darasa alikuwa amemsaidia sana binti wa wifi. Alimhamisha kiti kila alipochoka, alimtuma nje ghafla apeleke chaki, alibadilisha kazi kila baada ya dakika kumi. Mtoto akachangamka, alama zikapanda. Basi kwa nia njema kabisa, mwalimu akampa Chiriku hayohayo.

Chiriku akaharibikiwa. Muhula mmoja alikimbia darasani mara kumi na moja. Mara ya mwisho walimtafuta karibu saa nzima, wakamkuta amejifungia chumba cha pampu. Shule ikaandika barua kwamba kamati itakaa mwisho wa mwaka kuamua kama abaki au atafutiwe pengine.

Fundi akajifunga kibwebwe. Zahanati moja ilimwona mtoto kwa dakika kumi ikasema ni ADHD. Hakuridhika. Akaomba nafasi kwa mwanasaikolojia wa watoto katika hospitali ya rufaa, akasubiri miezi mitano. Siku alipofika na kueleza kwamba mtoto hatulii, mwanasaikolojia huyo aliiweka kalamu mezani kwanza.

"Mama," alimuuliza, "dakika moja kabla hajainuka, kunakuwa na nini?"

Miaka yote hiyo Fundi alikuwa ameangalia mtoto anavyokimbia. Kilichotangulia hakukiona.

Jibu alilipata kwenye viti vyake mwenyewe. Alimwomba wifi kwamba kwa Jumamosi nne mfululizo wawasuke watoto wao bega kwa bega, na kila mtoto akiinuka waandike kwenye daftari la miadi kilichotokea kabla. Wifi alicheka kwamba saluni sasa imegeuka maabara, lakini aliandika.

Asubuhi ya kwanza binti wa wifi aliinuka mara tisa. Mlango ulifunguliwa, simu ililia, mteja aliingia na mkoba mwekundu, na mara nyingine hapakuwa na chochote. Alikuwa mchangamfu muda wote. Wakimpa hadithi mpya au kitana kipya cha kuchezea, anatulia kidogo.

Chiriku aliinuka mara tatu tu. Mara ya kwanza wifi aliwasha draya bila kusema. Mara ya pili Fundi alianza upande wa kulia. Mara ya tatu walibadilisha kitana. Kile kitu kipya kilichomtuliza mwenzake ndicho kilichomtoa yeye kitini. Jumamosi zilizofuata hazikutofautiana sana na hiyo.

"Nikamfungulia wifi daftari," Fundi anasimulia. "Nikamwambia, wako anainuka kufuata kitu. Wangu anakikimbia."

Wifi akakiri kwamba yeye ndiye aliyemwambia mwalimu watoto hawa ni kitu kimoja.

Mwanasaikolojia alisoma daftari lote, ila hakulichukua kama hukumu. Alimwona Chiriku mara nne, akacheza naye, akazungumza na mwalimu, akauliza habari za tangu mtoto anatambaa. Alimweleza Fundi kwamba kwa nje hali hizi mbili zinafanana sana, kwamba kuinuka kitini peke yake hakuthibitishi chochote, na kwamba wapo watoto wenye zote mbili. Mwisho akaandika usonji. Kuhusu umakini, alisema atamwangalia tena baada ya mwaka.

Fundi alilia palepale kwenye korido ya hospitali. Alikuwa akiililia ile miaka ya magoti, anasema. Kisha akafuta uso, akarudi kazini, maana kulikuwa na mteja ameshaoshwa nywele anamsubiri.

Si kwamba mambo yamenyooka. Baba wa Chiriku, dereva wa lori, siku hizi anapiga simu kabla ya kuingia nyumbani, na hilo limesaidia. Lakini wiki iliyopita maji yalikatika mtaa mzima bila taarifa, na Chiriku alilia kutwa.

Kamati inakaa Alhamisi ijayo, saa tano. Fundi amefuta miadi yote ya siku hiyo, jambo ambalo hajalifanya tangu afungue saluni. Wifi amesema atakwenda naye, awe amealikwa au hakualikwa. Watabeba ripoti ya hospitali na karatasi moja aliyoiandika Fundi kwa mkono wake. Ina ombi moja: mtoto aambiwe kabla. Kabla ya kengele, kabla ya kuhamishwa kiti, kabla ya mwalimu mgeni kuingia darasani.

Mwalimu wa darasa ameshakubali kusimama upande wao, na ndiye aliyekuja saluni kuomba radhi bila kuitwa. Baadhi ya wajumbe bado wanasema shule haiwezi kwenda kwa mwendo wa mtoto mmoja. Fundi analijua hilo.

"Siendi kuwalilia," anasema. "Naenda kuwaeleza kitu ambacho mimi mwenyewe, mama yake, nimechelewa kukijua."

Na wakikataa? Chiriku amemaliza kuangalia mabomba, amerudi kitini, anasubiri mstari wa tano.

"Wakikataa, kesho yake asubuhi niko mlangoni pa shule nyingine na karatasi hiyohiyo," anasema. "Lakini kwanza nitarudi nimwambie yeye, siku hiyohiyo, na nimweleze kitakachofuata. Huyu mtoto tumemshtukiza vya kutosha."