Nishani ya Ushujaa Ndani ya Kiondo cha Njahi

Chekeni tu, mimi mwenyewe nilishacheka nikachoka, ingawa siku yenyewe nilitamani sakafu ya kanisa ipasuke inimeze na viatu vyangu vipya. Aibu niliyopata hata adui simwombei.

Kaka yangu Mutwiri ni mwanajeshi. Alirudi kutoka vitani akapewa nishani ya ushujaa, ile kubwa kabisa inayotolewa na nchi, kwa sababu aliingia kwenye gari linalowaka akawavuta wenzake nje mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho, rafiki yake Njeru, alimfia mikononi. Basi kanisa letu kule Meru likapanga ibada ya shukrani, mahema, sufuria, spika na kila kitu, na Mutwiri akakubali kwa sharti moja, kwamba mama yake Njeru aletwe kutoka Mbeere, kwa sababu alitaka kumpa nishani ile mkononi mbele ya watu. Hakutaka kingine chochote. Yeye mwenyewe hakuwahi hata kuivaa.

Mimi ninaishi mtaa wa Dallas pale mjini Embu, nashona nguo, kwa hiyo nilifika asubuhi na kiondo changu cha njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, za sadaka. Sijakitua vizuri, Mutwiri huyo, ananivuta kando. Hakuwa ametulia hata kidogo, kama kawaida yake tangu arudi vitani, mara ashike kola, mara aangalie njia, na jasho linamtoka (na baridi ya asubuhi hiyo ilikuwa ya kutoa mvuke mdomoni).

"Kagwiria, shika hii. Kila mtu anataka kuigusa. Nikikuita unaniletea."

"Na ukimpa mama utamwambia nini?"

"Sijui. Nimepanga maneno wiki nzima yamekataa."

Akanipa kasha, akaondoka. Sasa mkoba wangu ulikuwa ule mdogo wa kupendeza, unaoingia simu na rangi ya mdomo basi, na kasha likakataa kuingia. Mtu mwenye akili angelishika mkononi, sivyo? Mimi nikalizamisha chini kabisa ya njahi, nikajiambia nani ataiba sadaka, nikaweka kiondo karibu na mlango wa kanisa nikaenda kusaidia kumimina chai.

Wanaojua makanisa ya kwetu wameshaniona mjinga. Kiondo kikikaa mlangoni siku ya shukrani si chako tena. Niliporudi nilikikuta kichwani kwa mwenyekiti wa akina mama, anacheza nacho kuelekea madhabahuni, nyuma yake kuku, maziwa na mikungu ya ndizi. Ningefanyaje, nimnyang'anye Mungu? Nikakaa, mahubiri sikusikia hata neno, nikajituliza kwamba baada ya mahubiri kuna mnada wa sadaka, na hapo nitakinunua mwenyewe.

Anayeuza kwetu ni Mzee Kiogora, mzee wa kanisa mwenye mdomo wa kuuza hata mawe. Alipoinua kiondo changu nilisimama nikapaza sauti kabla hajamaliza kukisifu, na kila mara mfanyabiashara mmoja wa sokoni alipopandisha bei nami nilipandisha, mpaka yule bwana akanitazama kama mgonjwa akaketi. Vigelegele! Nikaenda mbele mikono nimenyoosha, lakini mzee akakirudisha kiondo nyuma.

"Ngoja, dada ya shujaa. Umeleta wewe, umenunua wewe, na ukule wewe? Hapana! Hapa mtu akinunua anabariki mwingine. Unapea nani?"

"Mimi... yaani..."

"Amesema mgeni wetu, mama yake Njeru!"

Kanisa likapiga makofi, na kiondo kikaenda kuwekwa kwenye mapaja ya mama wa watu, safu ya mbele. Palepale Mutwiri akaitwa kuchukua maikrofoni. Nikainama, nikapita katikati ya magoti ya watu mpaka nikamfikia.

"Mama, nikushikie. Ni kizito."

"Hii? Mimi hubeba maji, mwana wakwa," akasema, yaani mwanangu.

Nikavuta kidogo, akavuta. Nikatabasamu, nikavuta tena. Spika zikasema, "Kagwiria, leta." Nikavuta kwa nguvu zangu zote, mkanda ukakatika, njahi zikamwagika kanisa zima na kasha likadunda likafunguka mbele ya mimbari, nishani inang'aa.

"Ananyang'anya mama ya marehemu!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Ni mimi niliificha kwa njahi!" nikajibu, na sijui kwa nini nilijibu, maana hapo ndipo walipocheka mpaka pasta akalazimika kuketi.

Watu wawili hawakucheka. Mutwiri alishuka, nami nikajikunja nikijua nazabwa kofi, lakini alipiga magoti akaanza kuokota njahi. Mama Njeru naye akashuka, nami nikaokota pamoja nao. Maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwa kaka yangu, na kanisa lote lilisikia.

"Mtoto yangu alisema nini mwisho?" mama akauliza, macho chini, anaokota.

"Aliuliza kama mvua imenyesha kwenu."

"Na wewe ulisema?"

"Nilisema imenyesha."

"Haikuwa imenyesha."

"Nilijua, mama."

Kicheko kilikuwa kimekwisha kabisa. "Ulifanya vizuri," mama akasema. Mutwiri akamwekea nishani kwenye kiganja, naye akaipangusa vumbi kwa leso na kuirudisha kwenye kiondo, katikati ya njahi. Mimi nililia wazi kama mtoto, na nilimhurumia sana kaka yangu.

Tangu siku hiyo kitu cha mtu nakishika mkononi hata kiniunguze, na njahi sipeleki tena kanisani. Napeleka ndizi, na bado Mzee Kiogora huuinua mkungu wangu mbele ya watu na kuuchungulia chini. "Hakuna kitu ya serikali hapa?" Nacheka nao, nifanyeje.

Mama Njeru alikula njahi nyingine, nyingine akazipanda. Mvua ikinyesha kule Mbeere humpigia kaka yangu simu kabla ya mtu mwingine yeyote, akamwambia tu imenyesha, na siku hiyo ndiyo pekee ninayomwona Mutwiri akikaa kitini akatulia.