Maji ya Kunawa ya Mgeni wa Mama

Niseme ujinga wangu kwanza: nilitia pilipili katika maji ya kunawa ya mgeni wa mama.

Kwetu Bigo, mtoto wa kiume ndiye anayemmwagia mgeni maji mikononi mbele ya chakula. Huyu wetu alikuja kila Jumapili, siku ya Mungu, baada ya misa, kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilishaona kwamba akimaliza mikono ananawa na uso. Hapo ndipo nilipomtegea.

Baba alikufa upande wa Djugu wakati wa fujo za vita, nasi tulikimbia bila kumzika. Tangu pale kinywa changu hakikufungwa tena. Shuleni niliiga mwendo wa préfet, mkuu wetu wa shule, mpaka nikafukuzwa siku tatu. Sikujali. Mtu anayecheka hakuulizi habari za baba yako.

Lakini huyu bwana hakunichekesha. Alianza kuja juma lilelile watu walipoanza kusema njia ya Djugu imetulia, hali wakisema hivyo wanatazama nyuma. Nikiingia, yeye na mama wananyamaza, kisha mama ananituma chumvi, na chumvi ipo tele. Halafu ile karatasi. Aliichora polepole, mama ameinama juu yake kama mwanafunzi mdogo wa primaire, na waliponiona wakaikunja. Niliitafuta, nikaipata chini ya mto wa mama: mstari mrefu, mti mmoja, na kando ya mti kimraba kidogo.

Plani ya nyumba. Nyumba ndogo, tena. Hata kwa uchumba alikuwa bahili.

Basi nikatwanga pilipili, nikaichuja vizuri, maana kazi mbaya nayo inataka bidii. Nikammwagia. Akasema, “Aksanti, mwanangu.” Lile neno likaniondolea huruma iliyokuwa imebaki. Akanawa uso.

Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale, akautafuta ukuta kwa mkono. Mama akamwosha kwa maziwa, mara mbili, tatu, lakini macho yalikuwa yamevimba na kufumba. Kisha akainusa birika, akanitazama. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, wote mzuri. Ukanikimbia wote.

“Nimeona plani yake,” nikasema. “Mimi siendi kukaa mule.”

Mama akaleta ile karatasi, akaitandika mezani, akaweka kidole juu ya kimraba. Nilingoja kofi. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

“Hii haiko nyumba. Ni fasi, ni pahali baba yako analala. Huyu ndiye alimuzika, peke yake, wakati siye tulikimbia. Sikukuambia, sababu njia ingeweza kufungwa tena, na weye ungelia mara mbili. Kesho tunaenda. Na vile umemufunga macho, weye ndiye utamushika mukono mpaka kule.”