Ruta mpya imenipa uenyekiti

Jamani, leo nimepewa cheo nilichokikwepa miaka mitatu!

Mchana nilikuwa kwenye mkutano wa video wa kina mama wa kanisa letu hapa Columbia Heights. Mtandao ulikuwa unakwama. Modemu ya kampuni ya intaneti na ruta yangu mpya zote zilikuwa zinagawa wifi, zikavurugana.

Nikaingia kwenye settings, nikazima wifi ya modemu ili ruta ifanye kazi peke yake.

Kumbe nilikuwa nimeunganishwa na hiyo hiyo ya modemu; kila kitu kikakatika. Picha yangu ikaganda kwao nikiwa natabasamu.

Kurudi, nakuta vigelegele.

“Kuna nini?”

Mama Baraka, katibu wetu, akasema, “Hongera, mwenyekiti! Tumekuuliza kama una pingamizi, ukatabasamu tu.”

“Dada, ulikuwa mtandao!”

“Sasa si umerudi? Haya, tufungie kwa maombi.”

Nimeomba. Wewe ungekataaje?