Gari Lililopika Uji

Mwaka aliofariki baba nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Shule ikaishia darasa la tatu, shida zikaanza, lakini sina haja ya kukuliza, rafiki yangu, kwa sababu mwaka huohuo nilijifunza kazi inayonilisha mpaka leo. Wiki iliyopita nilikuwa Muyinga kwa shangazi, dada yake baba. Akaniletea kikombe cha uji wa muhogo, akaanza kucheka kabla hajakiweka chini. Nikajua anacheka lile gari.

Gari lenyewe alilijenga baba mdogo nyuma ya nyumba ya bibi, mtaa wa Waswahili, Gitega. Shasi ilikuwa ya jipu bovu lililokuwa limeota nyasi, moteri aliitoa kwenye kamyo ya mizigo iliyopinduka, bodi akaigonga mwenyewe kwa mbao za mikaratusi. Milango hakuweka. Alisema mlango ni kazi ya nyumba. Lilipanda vilima vya Bugendana wakati wa mvua, kwenye njia za ng'ombe ambako kamyo za watu zilikwama, likarudi na maharage na ndizi. Ila halikuwahi kufika popote bila kusukumwa na watu wakiimba, ndiyo maana mtaa mzima uliliita Bibi Harusi.

Fundi wake wa chini nilikuwa mimi. Baba mdogo alikuwa na tumbo, chini ya gari haingii, mi naingia. Tenki likivuja, nalisugua kwa kipande cha sabuni mpaka tundu linaziba. Mkanda wa feni ukikatika, tunafunga mpira wa baiskeli. Bado naisikia harufu ile: petroli, sabuni, na mandazi ya bibi yakikaangwa huku anatufokea, "Nyie wawili, mikono hiyo isiguse sinia yangu!"

Shangazi naye alikuwa ameshaposwa Muyinga. Ndoa ilikuwa imeahirishwa mara moja kwa msiba wa baba, na mjomba wa bwana harusi, mtu mkali, akatuma neno: Ijumaa baada ya swala msipofika, tutajua hamna haja nasi, kijana atatafutiwa kwingine. Shangazi alimpenda yule kijana. Hakusema, lakini siku hizo alikuwa anafua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Tukaondoka alfajiri. Bibi mbele, magotini kapu la unga wa muhogo wa kuwapelekea wakwe. Shangazi nyuma juu ya godoro, kajifunika ushungi, hina miguuni, amekatazwa kukanyaga ardhi mpaka mlangoni kwa wenyewe. Mi pembeni yake na bidoni za maji. Tulipopita Mutaho tukakuta daraja limechukuliwa na mvua, baba mdogo akakata kwenye njia ya mashambani. Kisiki kikatoboa radiateri. Maji yote chini.

Hilo halikututisha. Unatia unga wa muhogo kidogo kwenye maji, moteri ikipata moto unga unavimba, tundu linaziba. Wenye magari ya vilimani wote walijua. Tukamwaga humo bidoni zetu, baba mdogo akainama kung'oa kisiki, akasema, "Mama, tia unga." Kiasi gani, hakusema. Na bibi yangu hakuwahi kutia unga kwa kubana maishani mwake. Kwetu, mgeni akiona mkono wako unapima unga, umejiaibisha. Akamimina bakuli zima, akaongeza la heshima.

Kilima cha kwanza tulipanda vizuri sana. Kwenye cha pili harufu ikaja, tamu, mpaka nikasikia njaa. Baba mdogo akasimama, akafungua kifuniko kwa kitambaa, uji ukaruka mpaka kwenye kofia yake.

"Mama! Umepika!"

"Si we ulisema nitie?"

"Nilisema tia, sikusema lisha!"

"Basi iko na shibe. Iendeshe."

Shangazi hakucheka. "Jua limefika wapi?" akauliza ndani ya ushungi.

Nikaingia chini, nikachomoa mpira wa radiateri. Uji ukashuka, ukaniunguza bega, alama ninayo. Uliobaki ulitaka maji mengi, na mto uko bondeni. Wakulima wakaja, wakacheka kwanza, kisha wakateremka na mitungi yao. Haikutosha. Shangazi akavua viatu, akashuka.

"We! Hina!" bibi akapiga kelele.

"Hina inapakwa tena, mama. Mume je?"

Akabeba sufuria ya zawadi, akateremka kwenye tope pamoja nao. Wao wakimimina juu, mi napuliza chini kwa mdomo mpaka kizunguzungu. Maji yakatoka meupe, mwisho yakatoka safi. Na lile tundu? Limeziba kabisa. Halikuvuja tena mpaka gari lilipokufa.

Muyinga tuliingia tukisukumwa, kama kawaida, watu wanaimba. Swala ilikuwa imekwisha. Yule mjomba amesimama barazani, anavaa viatu aondoke. Akanusa.

"Mmekuja na uji?"

"Wa kwenu huo," bibi akamjibu bila kupepesa. "Tumeona tuuanze njiani."

Mama mkwe hakusikiliza ya mtu. Alikuwa anatazama miguu ya shangazi, tope mpaka magotini, hina haionekani. "Huyu hakuletwa," akasema. "Huyu amekuja." Akaleta maji, akaiosha kwa mikono yake.

Bibi hayupo tena, baba mdogo hayupo. Bibi Harusi alikatwakatwa akawa majembe na majiko. Siku hizi magari yana milango yote, na yakiharibika yanavutwa kimya, hakuna anayeimba. Nyimbo zile ndizo ninazozikosa. Mengine siyalilii. Nina garaji Gitega, na mashine ya kuchomelea. Nina nyumba ya bati nyuma yake. Nina shamba la ndizi Bugendana. Nina jipu nililojenga mwenyewe, lina mlango mmoja tu, upande anaokaa shangazi. Na nina shangazi Muyinga, na mzee wake, yule kijana wa wakati ule, yuko hai. Kila akiletewa uji, kwanza huuliza umetoka kwenye gari gani.